Fuwele Iliyopigwa Picha

Mtafiti aliingia maabara akakuta chemba yake ya majaribio iko wazi. Fuwele yake, ndogo kuliko ukucha, ilikuwa kiganjani mwa Mkuu wa maabara, naye Mkuu akiisugua kwa kidole gumba ili ing'ae kwenye picha. Wafadhili walikuwa wameshainua simu zao.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Mwaka mzima aliipika fuwele ile kwenye tanuri! Ukiipoza sana, umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote. Lakini ajabu yenyewe ilikuwa usoni, utando mwembamba ambako elektroni zina mwendo wao, usiopatikana kwingine. Kuuona, sharti fuwele ipasuliwe ndani ya chemba isiyo na hewa, ipimwe humo humo, maana hewa au kidole huuharibu. Asubuhi alikuwa ameipasua kwa mara ya mwisho, maana ilibaki nyembamba mno. Akatoka kufuata heliamu ya kuipoza, na huyu mzee asiyejua kuweka mikono yake mfukoni akafungua.

"Mbona umenuna, mwanangu?" Mkuu alimuuliza wageni walipokwenda kunywa chai. "Nimegusa uso tu. Ndani nzima kabisa."

"Uso ndio kazi yenyewe, Mzee."

"Basi waonyeshe vipimo vya ile fuwele nyingine uliyoipima kabla ya hii. Watajua nini hawa?"

"Ile haikutoa kitu."

"Chora grafu yoyote. Usiniaibishe."

Huyu ndiye aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza, akimwita mwanangu mbele za watu. Sasa alimtaka adanganye kwa kinywa chake mwenyewe.

Ukumbini mtafiti alisimama mbele ya wafadhili mikono mitupu. "Leo sina kipimo," alisema. "Uso wa fuwele umeharibika."

Wageni walitazamana. Mkuu akatabasamu, macho makavu kama hakuna lililotokea. "Mtamsamehe," alisema. "Bado anajifunza."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

"Kweli najifunza," mtafiti alisema. "Nyumbani nilifundishwa kwamba uso umeumbwa na haya. Wako, Mzee, sijui uliumbwa na nini."

Akawageukia wageni, akaanza kuwaeleza ni nani aliyeifungua chemba na ni kipi alichoambiwa achore. Mkuu akamwambia akae.

Hakukaa.