Mlio wa Mashine ya Kunyolea

Farasi yule alikuwa mzee, na mwili wake ulikuwa umeanza kusahau kazi zake. Joto likija, farasi wengine hupukutisha manyoya. Yeye alizidi kuyaotesha, marefu na mazito, yakajisokota tumboni na chini ya taya kama zulia lililosahaulika mvuani. Daktari wa mifugo alikwisha kusema kwamba hayo ni maradhi ya uzeeni, tiba ya kuyamaliza hayana. Dawa ni kumnyoa kila msimu wa joto, la sivyo jasho litamharibu ngozi.

Misimu yote iliyopita, kazi hiyo ilikuwa ya mume wa Fundi. Fundi ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mwanamke huyu, kwa sababu alishona nguo za watu katika chumba cha mbele, dirisha wazi, sentimita ya kupimia shingoni. Mumewe alikuwa mtunza farasi katika shule ya kufundishia watu kupanda farasi. Jemedari, maana hilo ndilo jina la farasi, alipochoka kubeba wanafunzi, shule ikampa mtunzaji wake amchukue. Bwana yule akaingia naye uani akimwongoza kwa kamba, uso umemkunjuka kama bwana harusi. Tangu siku ile Fundi akawa anamwita farasi "mke mwenzangu."

"Mke mwenzangu ameshakula?" angeuliza jioni. "Maana mimi bado."

Mumewe angecheka mpaka akohoe, na kwa kweli farasi angekuwa ameshakula.

Kisha mume akafariki. Moyo ulisimama mchana kweupe, amekaa kitini anavaa viatu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Fundi akabaki na mke mwenza. Watu walimshauri amuuze. Hakukubali wala hakukataa. Alimpa majani, alimpa maji, alifagia banda, lakini hakumsemesha. Hawakuwa na ugomvi. Ni vile tu kwamba aliyewaunganisha hakuwepo tena, na kila mmoja alimwonea haya mwenzake.

Joto lilipoanza kuuma, Fundi aliitoa mashine ya marehemu kabatini, akaichomeka kwenye umeme. Ikatoa cheche, harufu ya kuungua, kisha kimya. Mtengeneza redio wa mtaani akaifungua, akaitazama mota yake, akaifunga taratibu, kama mtu anayemfunika maiti uso.

"Pole, mama," akasema. "Tafuta nyingine."

Basi akaenda duka la vifaa vya mifugo pamoja na wifi yake. Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno mengi na machozi ya karibu. Tangu msiba alikuwa akija karibu kila siku, akisingizia kwamba kwake kuna mbu.

Mwenye duka, miwani imepanda kwenye paji la uso, aliwauliza kama wanataka ya kondoo au ya farasi.

"Farasi," Fundi akasema.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mpole?"

Wanawake wakatazamana. "Kwa mwenyewe alikuwa mpole," Fundi akajibu.

Mwenye duka akashusha miwani, akaelewa, akaipandisha tena. Akaweka mashine mbili juu ya meza. "Hii ndogo ni ya betri. Haina waya wa kukanyagwa, nyepesi, haina kelele. Kasoro yake ni kwamba manyoya mazito yataichosha, itabidi muwe mnapumzika, wewe na yeye. Hii kubwa ni ya umeme. Hii ni trekta, mama. Haichoki. Lakini ina uzito, na inaunguruma."

Akawaonyesha na meno ya mashine. Kuna yanayokwangua mpaka karibu na ngozi, na kuna yanayobakiza manyoya kidogo. "Kwa anayeanza, chukua haya yanayobakiza. Yanasamehe makosa. Na usisahau mafuta. Halafu kila mara gusa meno kwa kiganja. Yakikuunguza wewe, ujue na yeye yanamuunguza."

"Ziwashe nisikie," Fundi akasema.

Ile ndogo ikavuma kama nyuki ndani ya bati. Akatikisa kichwa. Mwenye duka akaizima, akaiwasha kubwa.

Duka likajaa ngurumo. Fundi akafumba macho. Palepale akawa dirishani kwake, uzi umebanwa katikati ya meno, na kule uani mumewe kifua wazi, manyoya ya farasi yamemganda shingoni, anapaza sauti: "Nini? Sikusikii! Ngoja nizime!" Harufu ile ile ya mafuta yaliyopata moto. Akasimama hapo na macho yake yamefumbwa mpaka mwenye duka akajikohoza.

"Nataka hii."

"Wifi," wifi akasema, "mkono wako ukishona mashati mawili unalia. Hiyo utaibeba na nini?"

"Nitaibeba."

"Utaibeba na kichwa? Chukua ndogo, mama yangu."

"Nimesema hii."

Mwenye duka, aliyekuwa ameshaona wateja wa kila aina, akasema kwa upole, "Mama, chukua. Ila usianze na manyoya. Anza kwa kuiwasha tu, umtazame anavyoipokea. Ukiirudisha haina hata unywele mmoja kwenye meno, nakubadilishia. Ukishanyolea, ni yako mpaka kufa."

Kesho yake asubuhi wakamwosha Jemedari kwa maji ya vuguvugu na sabuni, wakamwacha juani akauke, kwa kuwa manyoya mabichi huyakwamisha meno. Fundi akachukua chaki yake ya kushonea, akachora mistari mapajani na mabegani, kuonyesha mahali pa kuishia, maana miguu haikuhitaji kunyolewa. Mkono wake ulipita kama unachora gauni. Alishangaa jinsi bega lile lilivyokuwa pana, na la moto. Miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa hivyo.

"Mke mwenzako amekuvumilia," wifi akasema, amemshikia kamba.

"Amechoka tu."

Akaichomeka mashine, akasogea hatua chache nyuma, akaiwasha.

Jemedari hakuruka wala hakupiga teke. Aliinua kichwa. Masikio, ambayo kwa miezi yalikuwa yamelala kama majani yaliyonyauka, yakasimama wima. Akageuza shingo nzima kuelekea mlango wa uani, na akalia. Ulikuwa mlio mrefu, wa kuita, uliomtikisa mbavu. Mlio ambao Fundi hakuwa ameusikia tangu siku ya viatu. Kisha akanyamaza, akasubiri.

Na Fundi, Mungu amsamehe, akageuka kutazama mlangoni. Wifi naye akageuka. Wakasimama watatu wakitazama mlango uliokuwa wazi, na nje yake barabara tupu, na karatasi moja inapeperuka.

Jemedari akaita tena.

Fundi akazima. Mashine ikamponyoka, ikaning'inia kwenye waya wake. Akajikaza, akashindwa, akakaa chini palepale kwenye sakafu ya uani, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuwashughulikia.

"Nimemdanganya," akasema alipoweza kusema. "Nimemwambia anakuja."

Wifi alikuwa ameegemea bega la farasi, naye analia, hajali kwamba chaki inamchafua. "Hukumdanganya yeye peke yake," akasema. "Mimi nilishafungua mdomo nimkaribishe."

Mchana ule Fundi akairudisha mashine. Mwenye duka akayakagua meno, akayakuta safi. Akamfungashia ile ndogo, betri mbili na kichupa cha mafuta.

Jioni, jua lilipopungua ukali, wakaanza upya. Mashine ndogo ilivuma mkononi mwake, na Jemedari akazungusha sikio moja, akaipuuza. Fundi akaanzia begani, akienda kinyume na manyoya yanavyolala, na mkono wa pili akiivuta ngozi ikae sawa. Manyoya yakaporomoka kwa mafungu, na chini yake farasi mwingine akatokeza, wa rangi ya kijivu, mwembamba, mbavu zinahesabika. Palikuwa na mistari iliyopinda na mabaka yaliyorukwa. Mteja angeirudisha nguo ya namna ile.

"Samahani," akamwambia farasi. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu msiba, na baada ya hilo mengine yakaja yenyewe. "Simama hivyo. Najua. Najua, mke mwenzangu. Hata mimi."

Betri ilipoishiwa nguvu walipumzika. Akapaka meno mafuta, akayagusa kwa kiganja, akabadilisha betri. Kilichomtia hamu sasa hakikuwa ngurumo. Alitaka kitu ambacho hakuwa nacho bado.

"Wifi," akasema, akishuka taratibu na mbavu. "Mdogo wako alikuwaje, utotoni? Kabla yangu."

"Huyo? Huyo alikuwa mwoga wa wanyama."

"Acha kunitania."

"Haki ya Mungu. Mbuzi wa jirani akipita, yeye yuko juu ya meza. Mama alikuwa akimbeba mgongoni kumpitisha mbele ya punda, na lijitu lenyewe miguu inaburuza chini."

Fundi alicheka ghafla, kicheko cha kuvunja mbavu, mpaka akalazimika kuiondoa mashine mwilini mwa farasi isije ikachimba. Mwanamume aliyelala nao banda moja farasi walipougua! Hakumwambia hata siku moja. Akatamani awe naye hapo amwaibishe. Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, manyoya yakamganda shavuni.

"Sasa hofu ilimtoka lini?"

"Hiyo ni hadithi ndefu."

"Upande wa pili wote bado," Fundi akasema, akizunguka na mashine yake. "Nisimulie."