Mapengo Kumi na Tisa

...na inafanya kazi, hilo ndilo linalochosha, funksheni ya mistari minne tu ya kompyuta, unaipa vekta, ile safu ya namba za uzito wa watoto, inapita namba moja moja, ikikuta pengo inalijaza wastani wa waliokuja kliniki kupimwa, halafu inakurudishia vekta nzima haina hata mkwaruzo, "Mama Hesabu, mchoro tayari?" mkuu kasimama mlangoni na kikombe chake, "Bado kidogo, bosi," maana bosi anachotaka ni mstari upande tu, ukipanda basi watoto wamenenepa, mgao wa unga wa lishe usimamishwe, kila mtu aende zake... mgongo unamuuma, macho kama yametiwa mchanga, na mstari unapanda kweli, unapanda vizuri mno, eh, tangu lini watoto wakanenepa mwezi wa tano, mwezi wa mafua na kuhara, watoto arobaini, mapengo kumi na tisa, kumi na tisa jamani! na kila pengo kaliziba yeye kwa kilo tisa na nusu, fundi gani huyu anapaka rangi juu ya ufa... kadi ya kliniki ya mwanawe iko kabatini mpaka leo, mwezi mmoja mtupu, muuguzi kaandika "hakuja", hakuja! angekujaje, mtoto hawezi hata kuinua shingo, siku tatu yeye kampakata sakafuni, mwepesi, mwepesi mno, sasa yuko darasa la sita anakula kama mchwa, alhamdulillahi, lakini mwezi ule hakuwa na kilo za wastani yule, na mama yake kwenye simu, "Hamjambo huko?" "Hatujambo, mama," akamwambia hivyo huku machozi yanamtoka, kuziba mapengo hakuanza leo huyu... "Tunakusubiri wewe tu," bosi tena, na wale kumi na tisa nani anawasubiri, nani amewapigia hodi, yeye kakaa hapa kwenye kiti anawanenepesha kwa kibodi, astaghfirullah, basi mstari wa tatu wa funksheni, ule wa kujaza mapengo, utoke, mchoro ukatike hapo hapo mwezi wa tano, wakubwa wakunje nyuso, wamuulize... kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta, chai ya bosi bado inafuka, "Sasa? Tayari?" "Bado, bosi. Kuna watoto kumi na tisa hatujui wako wapi."