Msusi wa Bustanini

"Hapa kafumba macho," bibi alisema, akimsogezea mpiga picha simu yake. "Hapa analia. Na hii, nadhani ni kidole changu."

Mama Kola alizitazama picha zote kumi na tisa bila haraka, kama mtu aliyeletewa shati lenye doa na kuulizwa kama litatoka. Siku sita za juma alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja nyuma ya soko. Jumapili alishinda kwenye bustani ya jiji, kamera shingoni na kimashine cha kuchapia picha mkobani. Jina alipewa na wateja, maana hakuna aliyesimama mbele yake akapigwa picha kabla ya kunyooshwa kola. Simu za mkononi zilikuwa zimewaondoa wapiga picha wenzake wote pale penye chemchemi. Yeye alibaki, na watu walimpangia foleni wakiwa na simu zao mifukoni.

Kamera yake ilikuwa kuukuu, upande mmoja imefungwa kwa mpira. Ila macho yake, jamani, hayakuwa na mfano. Aliweza kumtofautisha aliyenuna kwa sababu viatu vinambana na aliyenuna kwa ugomvi wa njiani, na kila mmoja akampa dawa yake.

Basi aliwatazama hawa watatu. Bibi mwenyewe. Binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kavaa gauni jipya na kusuka nywele nyembamba nyembamba zilizomweka kwa msusi jana kutwa. Na mtoto wa binti huyo, msichana wa miaka minne, kajificha nyuma ya sketi ya bibi, mwanasesere wa kitambaa kwapani.

"Mama yake anaondoka jioni hii," bibi alieleza kwa sauti ya chini. "Anafanya kazi kwa watu, huko ng'ambo. Alimwacha huyu hajaanza kutembea, karudi kwa wiki mbili tu, na sasa ni miaka mitatu tena. Mtoto hamjui. Akimshika tu, kilio." Akainama. "Nenda kwa mama, mjukuu wangu. Picha moja tu."

"Mama ni wewe," mtoto alisema.

Mwanamke aligeuka kuyatazama maji. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kila siku tangu ateremke kwenye ndege, na bado yalimchoma.

"Mpige peke yake, dada," alisema. "Nitaibandika na zile nyingine mlizonitumia, juu ya kitanda changu huko. Zote yuko peke yake."

Mama Kola alikuwa anamtazama mwanasesere. Nywele zake za uzi zilisukwa mistari minne, kila ncha imefungwa fundo. Akachuchumaa.

"Huyu kasukwa wapi? Maana na mimi natafuta msusi."

Jicho moja lilichungulia nyuma ya sketi. "Nimemsuka mimi."

"Wewe? Usinitanie. Kwa vidole hivyo?"

"Kanifundisha mama," mtoto alisema, akimvuta bibi sketi.

Mama Kola aliinuka, akamwendea mwanamke na kumnong'oneza, "Fumua msuko mmoja wa kisogoni. Kaa kwenye majani, mpe mgongo. Usimwite, wala usigeuke."

Siku nzima kwa msusi, na yote kwa ajili ya picha hii. Mwanamke aliketi majanini na gauni lake jipya, akapeleka mikono nyuma, akafumua. Akafumua wa pili, na wa tatu, mpaka kisogo chote kikawa timtim.

"Haya, msusi," Mama Kola alisema. "Mteja wako yule, ana safari na nywele zimemharibikia. Kama huwezi, sema nimtafute mwingine."

"Naweza."

Mtoto alimkabidhi bibi mwanasesere. Akaenda hatua moja moja mpaka nyuma ya mama yake, akazigusa nywele kwa kidole, akakirudisha haraka. Bibi alijiziba mdomo. Kisha mtoto akazigawa nywele mafungu matatu, akatoa ncha ya ulimi, akaanza.

Kamera ililia mara moja. Ilikuwa picha nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kupiga: mama kainamisha shingo, kafumba macho, mashavu yamelowa naye anatabasamu, na juu ya bega lake uso mdogo uliokunjamana kwa kazi.

"Usichezeshe kichwa," mtoto aliamuru.

"Sichezi."

"Nakuumiza?"

"Huniumizi, mwanangu. Suka tu."

Foleni ilianza kunung'unika. Kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake aliuliza kama watalala hapo. Bibi alitazama saa, akamsogelea Mama Kola.

"Bado hujapata?" alinong'ona. "Gari la uwanja wa ndege litatuacha."

Mama Kola hakuishusha kamera. Alikuwa ameibana jichoni, kidole kakiweka mbali na kitufe.

"Bado kidogo, mama," alisema. "Waombe wa gari watusubiri."

Pale majanini msuko wa kwanza ulikuwa umefika katikati, umepinda vibaya. Mtoto aliukagua, akasonya, akaufumua wote ili aanze upya.