Eda ya Nani

Hamimu alipofariki, mdogo wake Twahiru ndiye aliyenifungia mlango. Alikuja nyumbani kwetu Rwezamenyo, akakaa kwenye mkeka, akasema kwa upole wa mtu anayembembeleza mgonjwa:

"Shemeji, wewe usitoke. Mjane wa heshima anakaa eda ndani. Mambo ya komini iko juu yangu."

"Mambo gani ya komini?"

"Ya kiwanja. Wewe omba Mungu tu."

Nikaomba Mungu. Nikavaa nyeupe, nikaweka cherehani kando, sikujipaka hata mafuta ya kunukia. Twahiru akaniletea unga, maharage na makaa. Jirani yangu Mukandekezi akipita, nilimwambia dirishani kwamba shemeji kama huyu Kigali nzima hapatikani. Nilimsifu mpaka mate yakanikauka. Nyumba ile tuliijenga wawili, Hamimu kwa duka lake, mimi kwa kushona sare za shule, na sikuwa na pengine pa kwenda.

Kumbe kwenye ofisi za komini Twahiru alikuwa akienda kweli, kuandikisha kiwanja cha nyumba yetu kwa jina lake. Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza nje ikawa ya kortini. Twahiru alikuwa amenishitaki kwamba nakaa katika nyumba ya ukoo wao bila haki.

Shehe aliyetuozesha alikuja kunitetea. Jaji alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza, "Mzee, walipita kwa burugumesitiri? Sheria inajua ndoa ya komini peke yake."

Shehe akarudi kwenye benchi. Nani wa mtaa wetu alipita kwa huyo mkuu wa komini? Wake wa wakubwa wa wizarani ndio waliopita, kwa suti na picha, na wakifiwa wanabaki majumbani mwao. Sisi tuliolewa msikitini kama mama zetu. Na hiyo komini ilikula kodi ya nyumba yetu kila mwaka, haikuuliza hata siku moja tulioana wapi.

Akaitwa Twahiru. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi wa nikaha yangu, akala pilau mpaka akalegeza mkanda. Siku ile alikuwa amevaa koti la Hamimu, nililolishona kwa mkono wangu.

"Huyu mama namujua," akasema. "Alikuwa anakaa na kaka yangu. Lakini bibi ya sheria, hapana."

Angesema mgeni ningevumilia. Kwa kinywa chake, niliumia kuliko siku ya maziko.

Jaji akaniuliza kama nina la kusema.

"Niko na swali kwa shemeji," nikajibu. "Kama mimi sikuwa bibi ya Hamimu, ile eda ulinikalisha ni ya nani?"

Jaji akasema swali hilo halihusu kesi, akampa Twahiru nyumba.