Kadi ya Marietha

Enzi za ruksa zilituletea kila kitu Singida: mitumba, redio za kaseti, hata kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya katika hospitali ya misheni karibu na Misigiri. Programu ya kadi za wagonjwa aliiandika Ritha, fundi wa kompyuta hizo, na alijivunia kupita kiasi. Faili la kadi zote lilikuwa moja. Aliyefungua kadi ili aandike alilifunga faili zima, wengine wakangoja mpaka ahifadhi au aghairi.

Jumatatu hiyo Gasto wa maabara alimjia mbio. "Dada, nimekwama tangu saa mbili, siwezi kuandika majibu. Kuna mjamzito kutoka Iguguno anavuja damu, na daktari hatundiki chupa ya damu mpaka aone kundi lake kwenye kompyuta."

Aliyefunga alikuwa mzee Filipo wa mapokezi, aliyerudi kazini asubuhi ile baada ya kumzika mkewe. Ritha alikwenda amekunja uso, tayari kuchomoa waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. Mbele yake ilikuwa kadi ya Marietha, mkewe. Tarehe ya kufariki alishaijaza. Chini yake lilisubiri swali ambalo Ritha alilitunga kwa ajili ya wazembe: Una hakika?

"Nikijibu ndiyo, atakuwa amekufa na humu pia," mzee alisema. "Humu bado wanamngoja kliniki Alhamisi."

Hasira zikamwisha Ritha, akabaki na huruma tupu. "Ghairi tu, baba. Kadi itarudi ilivyokuwa. Kuna mama anasubiri damu."

Filipo alibonyeza hapo hapo. Tarehe ikafutika, Marietha akarudi na Alhamisi yake. Gasto akaita kutoka koridoni kwamba imefunguka.

"Nisamehe," mzee alisema akijifuta macho. "Sikujua kuwa namfungia mtu mlango."

Jioni wauguzi wa wodi walileta habari: mama mzima, mtoto wa kike. Ritha alikuwa bado kazini, anabadilisha programu ili faili lifungwe wakati wa kuhifadhi tu, si mtu anapofungua kadi. Njia hiyo aliijua tangu mwanzo. Ila mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye hakutaka kuinama.

Kesho yake Filipo aliifungua tena kadi ya Marietha, akakaa nayo mpaka saa nne. Gasto aliandika majibu yake yote bila kuzuiwa. Jumatano ikawa vivyo hivyo.

Alhamisi, kliniki ilipokwisha, mzee aliijaza tarehe upya, akabonyeza ndiyo.