Siku Ishirini na Mbili na Saa Kumi na Nane

Mara ya tatu kifaa kilipokwama, mtunza ghala hakupiga simu kwa kelele kama zile mara mbili za mwanzo. Alisema tu, kama mtu aliyechoka kulalamika, "Mama Programu, kimenyamaza tena. Taa inawaka, namba zimeganda. Safari hii tumetupa maboksi mawili ya chanjo."

Mama Programu aliweka simu mezani, akajifuta uso kwa viganja. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na mgongo unaomuuma kuanzia asubuhi. Kile kisanduku cha chuma kwenye ukuta wa ghala la baridi, kazi yake ilikuwa moja: kupima joto na kupiga king'ora likipanda. Programu yake aliiandika mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, na miaka yote hiyo hakikuwahi kumletea maneno. Vurugu ilianza mwaka huu, baada ya fundi wa betri kufunga betri kubwa ili ghala lisikose umeme hata umeme ukikatika. Basi Mama Programu hakujiuliza mara mbili. Alimwandikia meneja barua kwamba betri ndiyo inayokivuruga kifaa. Fundi akala onyo la maandishi, ingawa aliapa na kuapa kwamba betri yake haina neno.

Sasa betri ilikuwa imebadilishwa, na kifaa kimekwama vilevile.

Alichapisha programu yote, kurasa kumi na moja, akazisoma mpaka maandishi yakawa kama sisimizi. Hakuona kitu. Mchana akazikunja, akazitia mkobani, akaenda kwa kaka yake, fundi cherehani.

"Kaka, nisomee hizi."

Kaka alimtazama juu ya miwani. "Mimi? Mimi najua suruali, mdogo wangu."

"Nisomee tu. Kwa sauti. Kama zamani."

Hapo akaelewa. Walipokuwa wadogo, baba aliwaletea kompyuta ya nyumbani, kibodi nene iliyounganishwa na televisheni, kumbukumbu yake ndogo kiasi kwamba ukiongeza mistari michache tu inakuambia nafasi imekwisha. Programu ziliandikwa gazetini. Kaka alisoma, yeye akachapa, wakimaliza wanahifadhi kwenye kaseti. Nukta moja ikikosewa, kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Ndipo kaka akaweka sheria: hakuna kuwasha kabla ya kusoma kila mstari kwa sauti, kilichoandikwa, si unachodhani umeandika.

Kaka akasogeza kitambaa pembeni, akaanza kusoma polepole, kidole juu ya karatasi. Mama Programu alifumba macho. Kwenye ukurasa wa saba kaka akasita.

"Hapa panasema dakika ziongezwe moja. Na pale chini tena, ziongezwe. Mbona sioni zinaporudishwa sifuri?"

"Zinarudi sifuri umeme ukikat..."

Hakuimaliza sentensi. Alifumbua macho.

"Unakumbuka ule mchezo wa kudungua vimondo?" kaka aliuliza. "Ulinipiga kwa mwiko wa ugali."

Alikumbuka vizuri sana. Kaka alikuwa amefikisha alama thelathini na mbili elfu mia saba sitini na saba, na kimondo kilichofuata kikazigeuza zote kuwa hasi. Yeye akaamini kaka amechezea programu. Siku tatu hawakusemezana, mpaka kaka aliposoma kile kitabu cha maelekezo na kukuta kwamba hapo ndipo mwisho wa kuhesabu wa mashine. Ikipita hapo inarukia upande wa pili.

Mama Programu alivuta kipande cha chaki ya kushonea, akapiga hesabu juu ya meza. Kifaa nacho kilikuwa na mwisho uleule wa kuhesabu, na dakika zikifikia alama zile za kaka ni siku ishirini na mbili na saa kumi na nane. Akatoa mkobani daftari la mtunza ghala lenye kumbukumbu za kifaa. Kifaa kiliwashwa upya Jumanne saa kumi alasiri. Kikakwama Alhamisi ya wiki ya nne, saa nne asubuhi. Mara zote tatu hesabu ilikuwa ileile. Zamani umeme ulikatika kila wiki na dakika zikaanza upya zenyewe, bila yeye kujua. Betri nzuri ya fundi ndiyo iliyokipa kifaa nafasi ya kufika mwisho wa namba. Baada ya hapo programu ilijiuliza kama dakika za kupima zimefika, na kwa kuwa zilikuwa hasi, ikajijibu bado, bado, bado.

"Kosa ni langu," alisema.

Kaka alimsogezea stuli. "Kaa kwanza."

Alikaa. Hakulia, hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

Jioni ile alirekebisha mistari miwili, kisha akaenda kwa meneja, akamweleza mwanzo hadi mwisho na kumwomba aifute barua ya onyo.

"Una hakika safari hii?" meneja aliuliza.

"Zaidi ya nilivyokuwa na hakika na barua ile."

Kisha akamkuta fundi wa betri stoo, anapanga nyaya. Fundi alimsikiliza bila kugeuka.

"Niliapa mbele yako," fundi alisema mwishowe. "Ukaniangalia kama mwongo."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Nitaona." Akaendelea kupanga nyaya zake.

Mama Programu hakumlaumu. Jumanne iliyofuata, saa kumi alasiri, akakiwasha kifaa upya kikiwa na programu iliyorekebishwa. Alhamisi ya wiki ya nne alikwenda ghalani, akavaa koti zito na kuketi juu ya boksi tupu pamoja na mtunza ghala. Saa nne ikafika, ikapita. Namba ziliendelea kubadilika, joto nyuzi nne, nyuzi tano, nyuzi nne.

"Sasa?" mtunza ghala aliuliza.

"Tukae mpaka saa sita," alisema, akaegemeza kichwa ukutani.