Laini Zimechakaa

Kabla sijastaafu nilikuwa opereta wa simu katika chuo kikuu kimoja kikubwa. Kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mtu angeweza kufanya kazi humo ujana wake wote asionane na mwenzake wa upande wa pili, lakini mimi walinijua wote, kwa sauti. Simu za kutoka nje, na hata za ofisi kwa ofisi, zilipitia chumba chetu kidogo nyuma ya jengo la utawala. Kilikuwa na dirisha moja, mtambo wenye vitaa vyekundu, viti viwili ambavyo sponji yake ilishaanza kuchungulia nje, na birika la umeme tulilokatazwa kuwa nalo.

Kiti cha pili kilikuwa cha binti mmoja wa umri wa kitinda mimba wangu. Tulimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusema hakati uzi.

Niliipenda kazi ile. Kitaa kikiwaka nabonyeza, nasema, "Chuo kikuu, nikusaidie nini?" na mtu asiyenijua ananikabidhi shida yake. Profesa wa hesabu, mkewe aliposhikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza, ni mimi niliyemtafuta jengo kwa jengo mpaka nikampata kantini, mdomo umejaa mkate. Wazazi walipiga kutoka mbali wakiwa hawajui hata waseme na nani. Nikawa naanza kwa kuwauliza, "Mtoto anasoma nini, mama?" Hapo sauti zao hutulia.

Kisha masikio yakaanza kuniaga. Yaliniaga taratibu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Kwanza sikusikia birika likichemka. Halafu nikawa kila saa nasema, "Rudia tena, mwanangu." Siku nyingine nilibahatisha tu, mtu akajikuta ameunganishwa na karakana badala ya zahanati.

Sikumwambia mtu. Niliogopa stoo. Opereta aliyekuwa kabla ya Cherehani aliumwa macho, na Msajili wa wakati ule akamhamishia stoo ya vifaa vya usafi. Alikaa katikati ya ndoo na mafagio, hana wa kusema naye, mpaka akaomba mwenyewe kuondoka. Nilipopita pale nilikuwa nageuza uso. Nilijiona mimi, niliyezoea kuongea na watu kutwa, nikiamkiana na mafagio.

Na Msajili mpya aliyekuja wakati huo hakunipa moyo. Watu walimwita Barafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona meno yake. Akipiga simu yeye alinguruma, na mimi nilikaa wima kitini kana kwamba ananiona.

Jirani yangu akanishauri nitie mafuta ya nyonyo ya vuguvugu. Nikatia. Na kweli, haukupita muda mrefu sauti zikarudi! Profesa wa hesabu nikamsikia kama amekaa mapajani pangu. Mkuu wa hosteli, sekretari wa kitivo cha sheria, watu wa maktaba, wote wakasikika, neno kwa neno. Nikampelekea jirani yangu kitenge cha shukrani.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kazini nilisikia, nyumbani sisikii.

"Mbona siku hizi mnatafuna maneno?" nikawauliza wajukuu wangu.

"Hatutafuni, Bibi."

Yule wa kiume, ambaye namwita mume wangu, akaja akasimama mbele yangu. "Mke wangu, nimekuita hapa mpaka nimechoka!"

"Hukuita. Umepanua mdomo tu kama samaki."

"Haya, basi samaki anauliza, chakula kipo?"

Nikaamua kwamba watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, hawana pumzi.

Nikaishi hivyo karibu mwaka mzima, nikimshukuru Mungu na mafuta ya nyonyo.

Siku moja saa ya chai nilimwachia Cherehani mtambo, nikaenda kurudisha chupa ya chai ya sekretari wa idara ya hesabu. Mlango wa Profesa ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama, mkonga wa simu sikioni, mishipa ya shingo imemtoka kama mtu anayesukuma gari bovu.

"MAMA! HABARI ZA ASUBUHI! NAOMBA MAKTABA! MAK-TA-BA!"

Mbele ya meza yake walikaa wanafunzi wawili. Walikuwa wameziba masikio kwa vidole, wala hawakushangaa, kama watu waliokwisha kuzoea.

Nikatabasamu. Nilimsikia vizuri, kama kawaida yangu.

Kisha akanyamaza, akasikiliza. Mabega yakashuka. Akaketi, akaegemea kiti, midomo yake ikaendelea kwenda huku akichezea kalamu. Akacheka kidogo. Akasema tena jambo refu. Mimi nilikuwa palepale mlangoni, na sikusikia hata neno moja.

Nikarudi na ile chupa mkononi, sikuirudisha. Cherehani alikuwa ananywa chai.

"Profesa wa hesabu amekwambia nini sasa hivi?"

"Ameomba maktaba, Mama."

"Na baada ya hapo?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, cherehani ilikata uzi. Akaweka kikombe chini. Akageuza kiti chake tukatazamana, akasema kwa nguvu, taratibu, kama alivyokuwa akisema nami siku zote. Na mimi siku zote nilidhani ndivyo alivyolelewa.

"Amesema, 'Kumbe ni wewe. Samahani kwa makelele, nilidhani Mama yupo.'"

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

"Ulikwenda kunitangaza kwamba nimekuwa kiziwi?"

"Mama, ningekufanyia hivyo mimi? Nilipita ofisini mwao nikawaambia laini zimechakaa. Nikasema mtu akitaka kusikika apaze sauti."

"Laini zimechakaa."

"Eee."

"Na wakaamini?"

Akacheka, huku macho yamemjaa machozi. "Mama, hawa wamesoma, hebu fikiri. Laini zichakae kwako tu, zikifika kwangu zipone? Profesa wa hesabu aliniangalia, akasema, 'Kweli, nami nimeziona zimechakaa. Nitawaambia wenzangu.' Hakuna aliyeuliza swali."

"Kwa hiyo chuo kizima kinanicheka."

"Nani akucheke? Nani humu hukumtafutia mtu wake siku ya shida?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeumbuliwa na wema, nao una uzito wake. Nikakaa kitini, nikavaa vipokea sauti ili tu nisionekane ninalia.

Kitaa kikawaka. Simu ya kutoka nje.

"Chuo kikuu, nikusaidie nini?"

Nikasikia kitu chembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Nikasema, "Paza sauti, ndugu yangu." Upepo ukaendelea, ukakatika, ukarudi. Nilitambua kwamba ni mwanamke, na kwamba analia. Zaidi ya hapo sikuambulia kitu. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha hosteli, nibahatishe kama nilivyozoea. Ukaishia hewani.

Nikavua vipokea sauti, nikampa Cherehani.

"Shika wewe. Huyu hajaambiwa kwamba laini zimechakaa."

Alikuwa mama wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alisikia mwanawe anaumwa, kisha hakusikia tena habari zozote, na siku nyingi zilikuwa zimepita. Cherehani akampigia mkuu wa hosteli, na kijana akaletwa kwenye simu, mzima wa afya. Alipona zamani, akaingia kwenye mitihani, akasahau kwamba ana mama. Akapewa maneno yake. Vile vipokea sauti Cherehani alikuwa amevisogeza mbali na kichwa, na hata mimi nilimsikia yule mama akimkaripia mwanawe.

Tulicheka sana. Lakini nilipomaliza kucheka nilikuwa nimeshaamua. Wema wa watu wa ndani ulinitosha mimi. Yule mama wa nje ungemsaidia nini?

Nikajitanda khanga yangu vizuri, nikaenda kwa Barafu.

"KARIBU, MAMA! KAA!"

Nikakaa. Nikamwambia yote: masikio, mafuta ya nyonyo, yule mama wa simu. "Bwana Msajili, kama ni stoo, nipeleke stoo. Nimetaka tu niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Alisimama, akaenda kufunga mlango, watu wa nje wasisikie mambo yangu. Kisha akapaza sauti jengo zima likasikia.

"MAMA! TUNAPASUA KOO MWAKA MZIMA! UNADHANI TULIKUWA TUNATAKA UENDE WAPI?"

Nililia pale pale, kama mtoto. Akanipa leso yake, imepigwa pasi vizuri, na hapo ndipo nilipoona meno yake.

Alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, kwenye hospitali ya chuo. Nikapimwa, nikawekewa kifaa kidogo mfano wa njugu, kinakaa nyuma ya sikio. Siku zote nilizokuwa nikienda na kurudi hospitali, Cherehani alishika zamu zangu na zake. Sikumsikia akilalamika, na safari hii si kwa sababu ya masikio.

Jioni nilipofika nyumbani nacho, nikakaa jikoni, khanga imefunika sikio. Mume wangu alikuwa kabatini na dada yake.

"Chukua tu sukari, Bibi hasikii," akamnong'oneza.

"Irudishe," nikasema.

Kijiko kilianguka. Nilisikia hata mlio wake sakafuni, ting! Nilikuwa nimeusahau.

Kesho yake kazini, birika lilipochemka nikaelewa kwa nini tulikatazwa kuwa nalo: lilikuwa linapiga kelele kama garimoshi. Cherehani alinikalia jirani, ananitazama nitafanya nini. Nikaanza na idara ya hesabu.

"MAMA! HABARI ZA…"

"Profesa, polepole, utanipasua! Nimepiga kukuarifu jambo. Laini zimetengenezwa."

Ikaja sauti niliyokuwa nimeipoteza, ile ya siku alipokuwa akiniuliza, "Amezaa nini?"

"Mungu mkubwa, Mama. Wanafunzi wangu walikuwa wanadhani nimerukwa na akili."

Nikampigia mkuu wa hosteli. Nikampigia sekretari wa sheria, na watu wa maktaba, ambao nilikuwa nimewaonea huruma zaidi, maana kwao kila mahali pameandikwa kunyamaza. Wote niliwaambia maneno yaleyale, laini zimetengenezwa. Na wote walijibu kwamba ndiyo, hata wao wamesikia tofauti.

Barafu nilimwacha mwisho. Alipokuja chuoni masikio yangu yalikuwa yameshaanza kuaga, kwa hiyo sauti yake ya kawaida sikuwahi kuisikia.

"Bwana Msajili, laini zimetengenezwa."

"Vizuri sana, Mama," akasema. "Sasa unanisikia?"

Mtu yule aliyeogopwa na chuo kizima alikuwa na sauti laini, ya chini, ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Na kila asubuhi, kwa ajili yangu, alikuwa akiipasua.

"Nakusikia, baba," nikamwambia. "Nakusikia vizuri. Nikuunganishe na nani?"